Somo: Kinanda cha MIDI, kuanzia kuchomeka waya hadi kufuta vumbi

Wakuu, habari za leo. Malalamiko ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Nimenunua kinanda, nabonyeza, kimya." Kinanda cha MIDI (lugha ambayo ala za muziki na kompyuta hutumia kuelewana) hakina sauti ndani yake. Kazi yake ni kupeleka taarifa: kimepigwa kitufe kipi, kwa nguvu kiasi gani kati ya 0 na 127, na kimeachiwa lini. C ya katikati, kwa mfano, ni nota namba 60. Ndivyo ulivyo mfumo huu tangu 1983. Sauti inatengenezwa na programu iliyo kwenye kompyuta.

Hatua ya 1: waya. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500 tu. Ukipitia kigawanyio cha USB (hub) kisicho na umeme wake, kinanda kinagombania na mausi na flashi, ndipo taa zinafifia na kuzima katikati ya wimbo. Angalia pia usitumie waya wa simu unaochaji tu. Taa zitawaka, kompyuta haitaona kitu.

Hatua ya 2: fungua programu baada ya kuchomeka, si kabla. Kwa wanaotumia FL Studio (programu ya kutengeneza muziki), nenda Options, kisha MIDI Settings, chagua jina la kinanda kwenye Input, washa Enable. Pakia ala yoyote, bonyeza.

Hatua ya 3: sauti ikichelewa, usikilaumu kinanda. Tatizo ni bafa, yaani sauti ambayo kompyuta inaikusanya kwanza kabla ya kuitoa, ikihesabiwa kwa sampuli (vipande vidogo sana vya sauti). Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 inakuchelewesha milisekunde kama 23. Ya 128 ni kama 3. Rekodi na 128, ikikwaruza panda 256. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO (programu ndogo inayopitisha sauti bila kuchelewa sana).

Hatua ya 4: pedali. Hapa niliwahi kuaibika. Narekodi kwaya, nota zote zinalia mfululizo, nikikanyaga pedali ndiyo zinakatika! Nikabadilisha waya, nikazima na kuwasha kompyuta, waimbaji wamekaa wanajipepea. Kumbe nilikiwasha kinanda mguu ukiwa juu ya pedali. Vinanda vingi vikishika umeme husoma pedali ilivyo na kudhani hapo ndipo imeachiwa. Kwa hiyo washa kwanza, mguu pembeni.

Matunzo sasa. Niko Tanga, na hewa ya chumvi haina adabu. Ukimaliza kazi funika kwa khanga kavu. Nailoni inafungia unyevu. Kufuta, chomoa kwanza, kisha tumia kitambaa laini kilicholoweshwa na kukamuliwa sawasawa. Petroli na thina ni mwiko. Lakini kinachoua vinanda vingi ni tundu la USB: mtu anavuta waya badala ya kushika kichwa chake, tundu linang'oka kwenye bodi. Mimi upande wa kinanda sichomoi kabisa, nachomoa upande wa kompyuta.

MASWALI

Swali: Mkuu, kitufe kimoja changu hata nikigusa taratibu kinapiga kwa nguvu zote. Kimekufa?

Jibu: Bado. Chini ya kila kitufe kuna mpira wenye vidoa viwili vya kaboni. Kinanda kinapima muda kati ya cha kwanza kugusa na cha pili, ndipo kinajua umepiga kwa nguvu gani. Vumbi likiingia hapo hesabu inavurugika. Kama garantii imeisha, fungua, futa kwa pamba ya masikio yenye spiriti ya isopropili kidogo, acha ikauke. Usikwangue kaboni.

Swali: Kaka, naweza kutumia simu? Laptop sina.

Jibu: Ndiyo, dada. Android kuanzia toleo la 6 inaelewa MIDI. Tafuta waya wa OTG (unaounganisha vifaa vya USB na simu). Ila kinanda kitakula chaji ya simu.

Swali: Nota moja inalia haikomi hata nikiachia.

Jibu: Taarifa ya kuachia imepotea njiani. Kwenye FL Studio bonyeza Ctrl+H, itanyamaza. Ikijirudia kila siku, badilisha waya.

Swali: Vitufe 25 vinatosha kwa nyimbo za kwaya?

Jibu: Kwa biti, sawa, kuna vitufe vya kupandisha oktava. Kwa kwaya, mikono miwili itagongana. Jikusanye ununue cha 49.