Mpira wa AC ya gari: jinsi ya kuchagua wa kubadilishia

Gesi ikiisha kila baada ya miezi michache, wengi hukimbilia kujaza tena. Tafuta kwanza inakotokea. Mara nyingi ni pale mpira unapoingia kwenye kikombe cha chuma: utaona doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi, maana gesi hutoka pamoja na mafuta ya kompresa (pampu inayobana gesi).

1. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine. R134a, gesi ya AC, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri; ikikurukia jichoni inaunguza kwa baridi.

2. Jua umeshika mpira upi. Mnene ni wa kurudisha gesi kwenye kompresa. Unaokwenda kondensa (rejeta ya kupoza gesi) ni mwembamba kidogo, nao ndio wenye joto na presha kubwa. Wa kimiminika, unaotoka kondensa, ndio mwembamba kuliko yote, na magari mengi hapo yamewekewa bomba la alumini.

3. Pima tundu la ndani. Hapa ndipo watu wanapoliwa hela: wanapeleka kipande dukani, kinalinganishwa kwa macho kwa unene wa nje, basi. Kuna mipira ya ukuta mnene na ya ukuta mwembamba yenye tundu lilelile. Namba 6 ni kama milimita 8, namba 8 ni 10, namba 10 ni 13, namba 12 ni 16. Unene wa nje ni wa kuchagulia kikombe tu. Kikombe cha mpira mnene ukikibana kwenye mwembamba, utavuja hata ukiwa mpya.

4. Soma maandishi ubavuni: R134a, na ikiwezekana SAE J2064, kiwango cha mipira ya AC. Ukikatwa, uonekane utando mwembamba wa nailoni ndani yake. Huo ndio unaozuia gesi. Magari ya enzi za R12, gesi ya zamani, yalitumia mpira mtupu, na R134a hupenya humo polepole.

5. Kabla ya kukata wa zamani, chora mstari wa rangi toka ncha moja hadi nyingine. Kikombe kikishabanwa, kichwa cha mpira hakizungushwi tena, na kona ikikosewa mpira utajipinda au utagusa ekzosi. Acha ulegevu kidogo, injini hutikisika.

6. Ubanwe kwa mashine ya haidroliki. Weka oringi (pete za mpira za kuziba maungio) mpya za HNBR zilizopakwa mafuta ya kompresa, kisha vuta hewa kwa pampu nusu saa au zaidi. Funga geji usubiri: mshale ukipanda, usijaze gesi.

Maswali ya wanachama

— Fundi, mpira wa haidroliki unahimili presha kuliko wa AC. Kwa nini usifae?
Shida si presha, kaka. Hauna ule utando, kwa hiyo gesi itapita kwenye mpira wenyewe bila hata tundu.

— Klampu ya rejeta je?
Hapana. Kwenye maji sawa, kwenye AC itashika wiki mbili tatu.

— Nimepata mpira wa mtumba wa gari kama langu, bei nusu. Ninunue?
Ukunje karibu na kikombe, dada. Ukiona nyufa, uache. Na kama ncha zilikaa wazi bila vizibo, mimi siuchukui hata ukiwa laini: mafuta yaliyobaki ndani yameshanyonya unyevu.

— Draya, ile chupa ya kunyonya unyevu, lazima ibadilishwe?
Mfumo ukishafunguliwa, ndiyo. Iache kwenye vizibo vyake hadi dakika ya mwisho kabla ya pampu.