Kuandika Shajara Inayopunguza Ugomvi Nyumbani

Daftari dogo la kurasa 96 linatosha. Kaunta buku kubwa haifichiki kirahisi, halafu ukurasa wake mpana humfanya mtu aone ni lazima aujaze. Ukiandika kwenye simu, iwe simu yako peke yako na yenye nywila, si ile ambayo watoto wanachezea gemu.

Tenga dakika 10, kabla nyumba haijaamka au mchana pakitulia. Usiandike usiku uleule wa ugomvi. Hasira ikiwa bado juu, utaandika hukumu tupu kisha ulale nayo. Ngoja hadi kesho yake.

Anza na kilichoonekana na kusikika, bila tafsiri. “Hanijali” ni tafsiri. “Amerudi saa 4 usiku, hakupiga simu, chakula kimepoa” ni tukio. Fuatisha sentensi moja ya ulivyojisikia, kisha moja ya ulichofanya au kusema wewe. Hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Malizia na ombi moja linalotekelezeka: “Ukijua utachelewa, nipigie kabla ya saa 2.” Maombi matano kwa mpigo husikika kama mashtaka, na hakuna hata moja litakalofanyiwa kazi.

Kwa ugomvi mkubwa, ule unaorudi kila baada ya miezi, andika upya kwa jicho la mtu wa tatu. Jiulize: mshenga wenu, anayezitakia heri pande zote mbili, angelisimuliaje jambo hili? Mwaka 2013 Eli Finkel wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa jozi 120 za wanandoa waliofuatiliwa kwa miaka 2. Mwaka wa kwanza kuridhika na ndoa kulishuka kwa wote. Mwaka wa pili nusu yao waliandika namna hii, dakika 7 kila baada ya miezi 4 hivi, na kwao kule kushuka kukakoma. Wenzao waliendelea kushuka. Kwa hiyo huhitaji kujaza kurasa kila siku.

Mara moja kwa wiki andika mambo matatu mema yaliyofanywa na watu wa nyumbani, kila moja na mwenyewe: kifungua mimba amemwogesha mdogo wake bila kuambiwa, dada wa kazi amekumbuka dawa ya bibi. Mwambie mhusika siku hiyohiyo. Likibaki daftarini yeye hapati kitu. Ukifanya zoezi hili kila siku litageuka orodha ya “uzima, chakula, afya”, na macho yataacha kutafuta.

Mwisho wa mwezi soma kurasa zote na uzungushie tarehe za ugomvi. Hapo ndipo shajara inapolipa. Mara nyingi utaona zimerundikana: siku chache kabla ya mshahara, wiki ya ada, jioni ambazo kila mtu ameingia na njaa. Maneno yanayorushwa ni ya dharau au ya ndugu wa mume, lakini chanzo ni fedha au uchovu. Kama zimekaa kati ya tarehe 22 na 30, kaeni pamoja siku mshahara unapoingia, mtenge kodi, ada na chakula cha wiki ya mwisho kwanza. Kama ni saa ya kurudi kazini, mazungumzo mazito yasubiri mpaka watu wale.

Shajara huharibika inapogeuzwa ushahidi. Siku utakayosema “tarehe 12 ulitamka hivi, nimeandika”, mwenzako atajua anachunguzwa, naye ataanza kupima kila neno. Nenda na ombi tu; daftari libaki lilipo. Na lalamiko lilelile likijitokeza mara ya tatu bila neno jipya, funga daftari. Sasa kuandika kunalichochea, na kinachotakiwa ni kuzungumza.

Ukipigwa au kutishiwa, utaratibu huu haukuhusu. Andika tarehe, saa na majeraha, lakini daftari litunzwe nje ya nyumba kwa mtu unayemwamini, kwa sababu likikutwa linaweza kuongeza hatari. Kwa Tanzania, vituo vingi vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Peleka maelezo huko.