Somo: "Mate" si mate. Herufi nne zile zile, maneno manne tofauti

Chukua herufi A, E, M na T. Ukizipanga utapata maneno manne ya Kiingereza: "mate", "meat", "team" na "tame". Aliyezoea kusoma Kiswahili akikutana na la kwanza atasoma ma-te, yale ya mdomoni. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Kwetu kila herufi hutamkwa palepale ilipokaa. Kwa Kiingereza, E inaweza kukaa kimya mwishoni mwa neno na bado ikaiamuru A iliyotangulia itamkwe vingine.

Kwa hiyo orodha ya maneno 50 na maana zake haikusaidii sana. Maneno yenyewe yanafanana machoni, na ubongo unayachanganya kabla hujaifikia maana. Cha kushika kwanza ni mahali pa E.

Matamshi hapa nimeyaandika kwa herufi za Kiswahili. "Ei" isome kwa pumzi moja. "Ii" ivute.

HATUA YA 1: Tafuta E imekaa wapi

Andika kila herufi kwenye kipande chake cha karatasi. Usijaribu mipangilio yote: herufi 4 tofauti zina mipangilio 24, na mingi haina maana yoyote. Fuata njia hii.

Kwanza weka E mwisho, konsonanti moja iitenganishe na A: "hate", "wake", "pale", "mate". E haitamkwi, na A inakuwa "ei". Basi ni heit, weik, peil, meit.

Kisha weka E na A pamoja, E ikitangulia: "heat", "weak", "leap", "meat". Mara nyingi sauti ni "ii": hiit, wiik, liip, miit.

Kanuni hizi mbili zinabeba sehemu kubwa ya maneno haya. Ile E ya mwisho haikuwekwa kama pambo. Katika Kiingereza cha zama za mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, "name" lilikuwa na silabi mbili, karibu kabisa na mtu wa Kiswahili angalivyolisoma leo. Sauti ya mwisho ikafa, maandishi yakabaki. Mwaka 1476 William Caxton alipoanzisha uchapaji Uingereza, tahajia ikaanza kuganda huku sauti zikiendelea kuhama. Tunachosoma leo ni nyayo za sauti zilizokwisha ondoka.

HATUA YA 2: Sauti kabla ya maana

Tamka neno mara tatu kwa sauti ya kusikika ndipo ufungue kamusi. Ukiisoma maana wakati kichwani bado unasikia "pa-le", utakuwa umeifunga maana kwenye sauti isiyo yake, na siku Mwingereza akisema peil hutamsikia.

HATUA YA 3: Uliza ni neno la aina gani

Ni kitenzi, nomino au kivumishi? Hili hurukwa sana, nalo ndilo linalookoa wakati wa kuandika. "Weak" ni kivumishi, "wake" ni kitenzi. Baada ya "I am" huwezi kuweka "wake". Utasema "I am awake" ukiwa macho, na "I am weak" ukiwa dhaifu.

HATUA YA 4: Tunga sentensi isiyokubali neno lingine

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. "I felt cold" ni sentensi sahihi, lakini ni mbaya kwa kujifunzia, kwa sababu "I left cold" nayo inapita. Neno jirani liwe la kulibana neno lako: "The butcher sells meat". Jaribu kuweka "team" hapo uone inavyochekesha. Sentensi ya maneno 4 hadi 7 inatosha.

HATUA YA 5: Jipime kwa kuandika

Funika daftari, mtu akutamkie, wewe uandike. Fanya hivyo kesho yake, siku ya 3 na siku ya 7. Seti (kundi la maneno yenye herufi zile zile) mbili kwa siku zinatosha. Ukichukua sita kwa pamoja zitaanza kuingiliana.

SETI ZENYEWE

A, E, M, T. "Mate" ni mwenzi au rafiki, na huungwa na maneno mengine: "classmate" ni mwanafunzi mwenzako, "workmate" mfanyakazi mwenzako. Kwa wanyama ni kitenzi, kupandana. "Meat" ni nyama, na kwa kawaida haihesabiki: usiseme "two meats" ukitaka vipande viwili, sema "two pieces of meat". "Team" ni timu, tiim. "Tame", teim, ni mnyama aliyezoea watu asiye mkali, na kama kitenzi ni kumzoeza mnyama mpaka atulie.

A, E, L, P. "Pale" si pale wala hapo. Ni kivumishi: uso uliopauka, au rangi iliyofifia kama "pale blue". "Leap" ni kuruka kwa nguvu, na "leap year" ni mwaka wa siku 366. "Plea", plii, ni ombi la kusihi. Mahakamani ni jibu la mshtakiwa, anapokiri au kukana kosa. Kitenzi chake ni "plead", usikitumie "plea" kama kitenzi. Lipo pia "peal", mlio wa kengele au ngurumo, ambalo utalikuta zaidi vitabuni.

A, E, K, L. "Lake" ni ziwa. "Leak" ni kuvuja, na hapa lugha zetu mbili zimekutana vizuri: bomba linavuja na siri inavuja, neno ni lilo hilo. "Kale", keil, ni mboga ya majani, haina uhusiano na mambo ya kale.

A, E, M, N. "Name" ni jina. "Mane" ni manyoya marefu ya shingoni mwa simba dume au farasi. "Mean" lina maana tatu za kuangalia: kumaanisha, kuwa bahili au mkorofi, na katika hesabu, wastani. "Amen" liko kwenye seti hii pia, lakini E na A hazijashikana wala E haiko mwisho, kwa hiyo irabu zote mbili zinatamkwa.

A, E, D, R. R ni mharibifu, ikifuata irabu huivuta upande wake. "Dare", deya, ni kuthubutu: "How dare you!" ndiyo "Unathubutuje!" "Dear", diya, ni mpendwa, au kitu ghali. "Read" ni kusoma, riid, lakini wakati uliopita unaandikwa vilevile na kutamkwa red. "I read it yesterday" ukilisoma riid, msikilizaji atajua hapo hapo.

A, E, B, R. "Bare" na "bear" hutamkwa sawasawa, beya. "Bare" ni tupu, "bare feet" ni miguu pekupeku. "Bear" ni dubu, na pia ni kuvumilia: "I can't bear it", siwezi kuvumilia. Hapa sikio halikusaidii hata kidogo, ni jicho tu.

Kitu kimoja kuhusu wakati uliopita: T ikiongezwa mwishoni, "ii" hufupika ikawa "e". "Mean" ni miin lakini "meant" ni ment. "Leap" ni liip, "leapt" ni lept. "Deal" ni diil, "dealt" ni delt. Tahajia haionyeshi mabadiliko hayo.

MANENO MADOGO YANAYOPITA BILA KUONEKANA

Haya hayahusu E na A, lakini ndiyo yanayoharibu barua nyingi. Programu ya kukagua tahajia mara nyingi haiyakamati, kwa sababu ukikosea bado umeandika neno halali.

"From" ni kutoka, "form" ni fomu au umbo. "Was" ni alikuwa, "saw" ni aliona, na pia msumeno. "Who" ni nani, hutamkwa hu. "How" ni vipi, hutamkwa hau. "On" na "no" kila mtu anayajua, lakini kwa kuchapa haraka hugeuka. "Now", nau, ni sasa; "own", oun, ni kumiliki au -enyewe; "won" ni alishinda, na hutamkwa wan, sawa kabisa na "one".

"Left" lina kazi tatu: kushoto, aliondoka, na kilichobaki. "Felt" ni alihisi.

"Quiet" ni kimya, silabi mbili, kwai-et. "Quite", kwait, ni kiasi au kabisa kutegemea neno linalofuata: "quite good" mara nyingi ni nzuri kiasi, "quite right" ni sahihi kabisa. "Quit" ni kuacha. Ukishindwa kukumbuka, hesabu silabi. Ukisikia mbili, E inatangulia T.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, shukrani kwa somo. Lakini hiyo ya "ea" kuwa "ii" mbona inavunjika kila mahali? "Head", "bread", "dead", zote ni "e" fupi.

Jibu: Ni kweli, na zinavunjika zaidi mbele ya D na TH: "head", "bread", "dead", "spread", "death", "breath". Hata hapo si zote, maana "bead" na "plead" zimebaki na "ii". Ukiona "ea" kisha D au TH, usikisie, fungua kamusi. Na kwa kuwa umeitaja "bread", ichezee: herufi zile zile zinatoa "beard", ndevu, linalotamkwa biyad, na "bared", yaani alifunua, linalotamkwa beyad. Neno la tatu ni "bare" iliyoongezwa D.

Swali: Na "break"? Nimesikia breik, si briik.

Jibu: Umesikia vizuri. "Break", "great" na "steak" ni tatu za kukariri, "ea" yake ni "ei". Zote tatu zina mtego wa ziada, kwa sababu kila moja ina pacha lenye herufi zile zile na sauti ile ile. "Great" ni kubwa sana, "grate" ni kukwaruza, kama karoti. "Break" ni kuvunja, "brake" ni breki. "Steak" ni mnofu wa nyama, "stake" ni kigingi, au kinachowekwa rehani kwenye dau. Ukiandika "the car has no breaks" umesema gari halina mapumziko.

Swali: Kama E ya mwisho inaipa irabu sauti ya jina lake la Kiingereza (A ni ei, I ni ai), mbona "have" si heiv, na "give" si gaiv?

Jibu: Kwa sababu ya V. Kiingereza hakipendi kumaliza neno kwa V, kwa hiyo E huwekwa kuilinda tu, bila kazi nyingine. Ndiyo maana "live" lina sauti mbili: liv ni kuishi, laiv ni mubashara. Panga herufi zake upya upate "evil", ovu. "Veil", veil, shela au utaji. Na "vile", vail, la kuchukiza. Hili la mwisho nalo usilisome kama vile vya kwetu.

Swali: Mimi huandika "angle" kila ninapotaka malaika.

Jibu: Sikiliza G. Ikifuatwa na E mara nyingi inalainika kuwa J: "angel", einjel. Ikifuatwa na L inabaki ngumu: "angle", angol, ambayo ni pembe. Malaika ana J mdomoni, kwa hiyo E ikae jirani na G.

Swali: Ndugu, nimepanga S, T, O, P nikapata manne. Rafiki yangu anadai ni sita.

Jibu: Yuko sahihi. "Stop", simama. "Spot", doa, mahali, au kukiona kitu kwa ghafla. "Post", nguzo, wadhifa, barua zinazotumwa, au kuweka kitu mtandaoni. Matatu yaliyobaki yanamalizika kwa S, na hapo jiulize S hiyo inafanya nini. Kwenye "pots", vyungu, na "tops", vilele au vifuniko, ni ya wingi. Kwenye "opts" ni ya nafsi ya tatu: "she opts", yeye anachagua. Kwa kawaida hufuatwa na "for", "she opts for tea". Ukiwinda maneno kwenye seti yenye S, iondoe kwanza, angalia herufi tatu zilizobaki zinatoa nini, kisha irudishe mwishoni. Pengine ndipo ulipokosa mawili.

Swali: Hiyo tea uliyoimalizia, si nayo ina ndugu zake?

Jibu: Inao wawili. "Eat", iit, ni kula. "Ate", eit, ni alikula, na wengi huitamka sawa na "eight", nane. "Tea", tii, ni chai. Angalia E tena: mwanzo, mwisho, katikati. Ziongeze "are", "ear" na "era" kwenye zoezi la kesho, na kabla ya kufungua kamusi jaribu kukisia ni ipi kati ya hizo tatu inayokataa kanuni ya E ya mwisho.