Saccos inahama kutoka daftari kwenda sistimu: kazi ya BA hatua kwa hatua

Watu wengi wanadhani mchambuzi wa biashara, au BA kama tunavyoitana, kazi yake ni kuandika mahitaji halafu anamrushia developa, yule anayeandika programu, basi. Meneja wa mradi anashika muda na bajeti, wewe unashika swali moja tu: hiki tunachojenga kitabadilisha nini kwenye kazi ya nani? Nachukua mfano wa saccos, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wafanyakazi inayotoka kwenye daftari na eksel.

Hatua ya 1: Anza kwa karani

Bodi watakwambia utaratibu ulivyoandikwa kwenye masharti ya chama, karani atakuonesha unavyofanyika. Nenda siku ile orodha ya makato ya mishahara inapotoka kwa mwajiri, hapo ndo utaona nani yuko likizo bila malipo, nani kakatwa mara mbili, nani kalipa kwa simu na meseji ya muamala imebaki kwa mweka hazina. Andika vyote, hata vile wanavyosema "hiyo achana nayo, inatokea mara chache", maana hizo za mara chache ndo zinakuja kukwamisha sistimu.

Hatua ya 2: Kila kanuni ya hesabu iwe na mfano wa namba

Ukiambiwa "riba asilimia 12 kwa mwaka" usiandike ukaondoka. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba ikipigwa kwenye mkopo wote ni 144,000. Ikipigwa kwenye salio linalobaki, huku mtu anapunguza laki moja ya mkopo kila mwezi, ni 78,000. Hapo kuna 66,000 ya ugomvi kwa mkopo mmoja! Kamati ya mikopo wachague, wasaini, na namba hizohizo ndo utajaribia sistimu baadaye.

Hatua ya 3: Jedwali la nani anaguswa

Hii wengi wanairuka na ndo roho ya kazi. Safu tatu zinatosha: mtu, anachofanya leo, atakachofanya kesho. Karani haandiki tena leja, anahakiki. Mdhamini anapata meseji kabla mkopo haujapita. Mweka hazina hawezi tena kupitisha mkopo peke yake, na huyu ndo atakayepinga, ila hatasema wazi, atasema mtandao unasumbua. Ongea naye mapema, faragha, sio kwenye kikao.

Hatua ya 4: Maombi ya katikati ya safari

Sistimu ikiwa bado inajengwa, mwenyekiti atataka mkopo wa dharura uongezwe humo. Usikubali, usikatae. Andika ombi hilo linagusa nini, linaongeza siku ngapi na hela ngapi, mpe meneja wa mradi apeleke kwa wenye uamuzi.

Hatua ya 5: Hamisha salio

Kila mwanachama apewe taarifa yake ya hisa, akiba na mkopo, aikague asaini kabla hamjahama. Kisha endesheni daftari na sistimu pamoja mpaka mfunge hesabu za mwezi mmoja na mlinganishe jumla, isipolingana msisogee.

Hatua ya 6: Rudi baada ya kuwasha sistimu

Mradi unaweza kufungwa kwenye makaratasi huku karani bado ana eksel yake pembeni. Mwombe akuoneshe, bila kumkaripia. Kilichomo humo ndo mahitaji mliyoyakosa, yaandike yaingie kwenye awamu inayofuata.