Besi inavuma? Gonga sanduku kwanza

Kabla ya kununua spika mpya, gonga ubao wa sanduku la spika uliyonayo kwa vifundo vya vidole. Ukisikia mlio mrefu kama wa ngoma, ubao ndio unaoimba. Fungua skrubu, toa spika yenyewe, utie alama waya wa chanya (ukirudisha kinyume kwenye spika moja kati ya mbili, besi hupotea). Futa ubao kwa spiriti, kisha bandika ndani mkeka wa lami, ule wa milango ya magari. Wauza vipuri Kampala wanao. Nusu ya eneo la kila ubao inatosha, katikati. Kandamiza kwa chupa mpaka mapovu yaishe, maana penye hewa mkeka haushiki mtikisiko. Tundu la besi usilizibe.

Chini ya sanduku weka vipande vinne vya kandambili, sentimita 4 kwa 4, kimoja kila pembe. Sanduku likiyumba ukiligusa, kandambili ni laini mno: tumia mpira wa tairi kuukuu. Huo mweusi hutia doa vanishi, basi tanguliza kadibodi nyembamba. Iwapo sanduku lina amplifaya ndani, matundu yake ya joto yaache wazi kabisa.