Namna ya kupanga siku katika kihamba chenye mifugo ya aina nyingi

Katika vihamba, yaani mashamba ya kaya yanayozunguka nyumba, vya mteremko wa Kilimanjaro, ambako eneo la kaya mara nyingi halifiki hekta moja, ni jambo la kawaida kukuta ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi kadhaa, sungura, kuku wa kienyeji, mbwa na paka wakiishi pamoja kati ya migomba na kahawa. Kwa kuwa ng'ombe na mbuzi hufungiwa bandani na kukatiwa majani, kila wanachokula hupitia mikononi mwa mfugaji, na makosa yake huwafikia moja kwa moja. Kazi hii humudika endapo kila siku ina mpangilio usiobadilika, na mpangilio huo huanza kabla ya jua kuchomoza.

Zungukia mabanda yote ukiwa mikono mitupu, kabla hujabeba ndoo wala majani. Wanyama wakishaona chakula husimama wote na kusogea, hata yule aliyekesha na homa, na hapo dalili hupotea. Mtazame ng'ombe kama anacheua, kama pua yake ina unyevu na kama kinyesi chake ni cha kawaida. Mtafute kuku aliyejikunyata pembeni akiwa amefumba macho. Huu pia ndio wakati mzuri wa kumtambua ng'ombe aliye kwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, kwa maana hutulia anapopandwa na mwenzake na hutokwa na ute mwangavu. Akionekana asubuhi, mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandisha kwa mrija, aitwe ili ampandishe jioni; akionekana jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Nafasi hiyo ikipita, utalazimika kusubiri takribani siku 21, na hizo ni siku za maziwa zinazopotea.

Kazi yenyewe ianze kwa wadogo na wazima, iishie kwa wakubwa na wagonjwa, kwa sababu mikono, viatu na ndoo zako ndivyo vinavyosafirisha maradhi kutoka banda moja hadi jingine. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele akamuliwe mwisho. Wakati wa kukamua, nawa mikono, osha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kikaushe kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, kisha kamulia michirizi ya kwanza ya kila chuchu katika kikombe chenye rangi nyeusi ili mabonge, ambayo ni dalili ya ugonjwa wa kiwele, yaonekane. Ukimaliza, mpe majani mabichi papo hapo, ili abaki amesimama kwa muda wa nusu saa hivi. Tundu la chuchu huwa bado liko wazi, na akilala mara moja kwenye tope vijidudu huingia kwa urahisi. Maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa dawa yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite, na yote yanayotumika nyumbani yachemshwe.

Maji yana umuhimu mkubwa kuliko wafugaji wengi wanavyodhani. Ng'ombe anayekamuliwa huhitaji kati ya lita 40 na 80 kwa siku, kulingana na joto, wingi wa maziwa na ukavu wa chakula, na maziwa hupungua upesi akikosa. Migomba iliyokatwakatwa humsaidia kwa kuwa ina maji mengi, lakini virutubisho vyake ni vichache. Ichanganywe na majani ya tembo, majani ya mti wa malisho uitwao lukina, pumba, au machicha ya mbege (pombe ya ndizi) pale yanapopatikana. Majani yakatwe mahali wasipopita ng'ombe wa watu wengine, kwani kupe wanaoeneza ndigana kali huweza kuletwa bandani ndani ya mzigo huo. Kagua ndani ya masikio ya ng'ombe mara kwa mara uone kama wana kupe. Majani ya sungura yaachwe yanyauke kwanza, kwa sababu yenye umande huwavimbisha tumbo.

Hatari inayosahaulika zaidi katika kaya ya namna hii ni ile ambayo mnyama mmoja humletea mwingine. Mbuzi akilifikia gunia la mahindi au la chakula cha kuku atakula mpaka tumbo lijae tindikali, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Kwa hiyo stoo iwe na mlango wenye komeo, si pazia la gunia. Bata mzinga wasilelewe mahali walipo kuku, maana kuku hubeba bila kuugua sana vimelea vinavyoharibu ini la bata mzinga. Kuku wazuiwe kulala juu ya hori la ng'ombe. Mbwa asipewe matumbo, ini wala mapafu mabichi siku ya kuchinja, kwa kuwa humo huwamo malengelenge ya tegu ambaye mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kuwafikia watoto. Nasisitiza hili kuliko mengine yote, kwani linahusu afya ya familia yenyewe.

Chanjo ziandikwe kwenye daftari. Kuku wote wapewe chanjo ya mdondo (kideri) inayostahimili joto, tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi 3, na wote siku ile ile. Mbwa na paka wachanjwe dhidi ya kichaa kila mwaka.

Samadi iondolewe kila asubuhi, irundikwe kivulini na kufunikwa kwa majani ya migomba hadi iive, ndipo ipelekwe kwenye kahawa.

Mwisho, pima idadi ya mifugo kwa chakula cha Januari na Februari, wakati majani ya mlimani yanapokauka na mabua ya mahindi kutoka mashamba ya tambarare yanapokwisha. Wanaozidi wauzwe kabla ya hapo, na wakati ufaao ni Desemba, pale wenyeji wanaofanya kazi mijini wanaporudi nyumbani kwa Krismasi na kutafuta mbuzi wa kuchinja. Anza kuchagua madume ya kuuza mwezi Oktoba, uyanenepeshe kwa pumba kidogo, na ubakize majike wanaozaa vizuri.