Pima kwanza, kilima baadaye: mazoezi ukiwa na sukari

Mwaka wa sita huu najidunga insulini na karibu kila siku napanda kilima cha Naguru hapa Kampala kwa miguu, watu wananiuliza we mgonjwa huogopi, naogopa ndio, ila si kilima, naogopa sukari kushuka nikiwa huko juu.

Ilishanipata. Nilikuwa nimedunga mchana, posho (ugali) nikaiacha nusu sababu ya haraka, jioni nikapanda, mara jasho, mikono inatetemeka, nikasema aa mlima tu huu. Mama mmoja muuza chapati akaniangalia akasema, "Mzee, macho yako hayako hapa." Nilipopima sukari ya damu nikakuta 3.1 (namba zangu zote hapa ni za mmol/L). Ndo ujanja wa sukari hiyo, inajificha ndani ya jasho la mazoezi. Ukiona jasho la baridi, njaa ya ghafla au kichwa hakieleweki, simama upime, na kama huna mashine chukulia tu imeshuka.

Ikiwa chini ya 3.9 kunywa soda yenye sukari, nusu ya chupa ya mililita 300 inatosha, au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, ngoja dakika 15 upime tena, bado iko chini rudia. Soda ya zero haisaidii kitu. Na usikimbilie rolex, ile chapati ya mayai, mafuta yake yanachelewesha, hiyo utakula baadaye sukari ikishapanda.

Kabla ya kutoka napima pia. Kama natumia insulini na iko chini ya 5 nakula bogoya (ndizi mbivu) moja kwanza. Kati ya 5 na 13.9 naenda zangu. Ikizidi hapo, hasa wenye aina ya 1 (mwili hautengenezi insulini), pima ketoni kwenye mkojo, ile asidi mwili unayotoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, zikiwepo hakuna mazoezi siku hiyo, kunywa maji upige simu kwa daktari. (Mashine yako ikisoma kwa namba kubwa kubwa kama 90 au 250, yaani mg/dL, gawanya kwa 18.) Wanaomeza vidonge vya metformin peke yake sukari haiwashuki hivyo kirahisi, wa vidonge vya glibenclamide wawe macho kama sisi wa sindano. Na usidunge paja halafu ukimbie, dawa inaingia damuni mbio.

Miguu sasa. Malapa hapana, vaa raba na soksi, kung'uta raba kabla ya kuvaa maana mguu uliokufa ganzi hausikii kokoto, ukirudi angalia mpaka katikati ya vidole. Kama macho yameshaharibiwa na sukari usinyanyue vyuma vizito mpaka daktari akubali.

Ukianza leo anza na dakika 10 baada ya kula, ongeza polepole mpaka ufike 150 kwa wiki, usipitishe siku mbili mfululizo umekaa tu.

Usiku ndo wengi wanajisahau, sukari inaweza kushuka masaa mengi baada ya mazoezi, hata ukiwa umelala, kwa hiyo siku nimetembea sana napima kabla ya kulala, na pombe siku hiyo naiacha.

Vijana wa boda pale steji nimeshawaambia, mkinikuta nimelala chini siitiki msinimiminie soda mdomoni itanipalia, nipakieni kwa gari mnipeleke hospitali.